Simu Haishiki Mtandao Ndani ya Jengo Kubwa: Pima Kwanza, Busta Baadaye

Malalamiko ni yale yale katika kila jengo kubwa. Nje, mlangoni, simu inashika vizuri. Ukipita mapokezi sauti inaanza kukatakata, ukiingia kwenye lifti ndiyo basi, na kwenye chumba cha mikutano katikati ya ghorofa watu wanaambiwa hawapatikani ilhali simu zao ziko mezani mbele yao. Kinachofuata nacho ni kile kile: mtu anatumwa kununua busta, yaani kikuza mawimbi, inafungwa juu ya dari, na baada ya muda malalamiko yanarudi, safari hii yakiwa na risiti.

Busta si kitu kibaya. Ila inatatua shida moja tu kati ya tatu zinazofanya simu isumbue ndani ya jengo, na hata hiyo moja inaitatua katika maeneo ya ukubwa fulani. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kupima, kisha mambo yasiyo na gharama, halafu Wi-Fi, na busta inakuja baadaye.

Hatua ya 1: Jua ni shida ipi

Shida ya kwanza ni mawimbi kuwa dhaifu. Kuta, zege na vioo vimeyala njiani, na yanayofika kwenye simu hayatoshi. Hii ndiyo kila mtu anaifikiria.

Ya pili ni mawimbi kuingiliana. Hii hukaa ghorofa za juu, na huwachanganya hata mafundi. Mtu aliye ghorofa ya ishirini anaona vijiti vyote vimejaa, lakini simu inakatika na intaneti inasota. Sababu ni kwamba kule juu hakuna kinachomkinga: simu yake inaona minara mingi kwa mpigo, mingine ya mbali sana, yote ikiwa na nguvu inayokaribiana. Simu inarukaruka kutoka mnara mmoja kwenda mwingine, na kila mnara ni kelele kwa mwenzake. Ukiongeza nguvu hapo, unaongeza na kelele.

Ya tatu ni msongamano. Mawimbi yapo, ni safi, lakini watu elfu mbili wameingia ofisini asubuhi na wote wanategemea mnara mmoja. Saa moja asubuhi kila kitu kinakwenda. Saa nne hakiendi. Hapa kikuza mawimbi cha aina yoyote hakisaidii, kwa sababu hakiongezi uwezo wa mnara. Kinawaongezea tu watu njia ya kuufikia mnara uliokwisha kuelemewa.

Kuna dalili nyingine inayofaa kuitambua mapema: "Mimi nawasikia, wao hawanisikii." Mnara hutoa makumi ya wati. Simu ya kawaida ya 4G, ikijitutumua kabisa, hutoa wati 0.2. Kwa hiyo njia ya kutoka kwenye simu kwenda mnarani ndiyo hufa kwanza. Ndiyo maana pia betri huisha haraka ndani ya jengo lenye mtandao hafifu: simu inapiga kelele kwa nguvu zake zote siku nzima.

Hatua ya 2: Pima kwa namba, vijiti viache

Vijiti vya juu ya skrini havina kipimo cha pamoja. Kila mtengenezaji wa simu anaamua mwenyewe vijiti vitatu maana yake nini, hivyo simu mbili zilizolala meza moja, laini za kampuni moja, zinaweza kuonyesha tofauti. Unachotaka ni namba za dBm, kipimo halisi cha nguvu ya mawimbi.

Kwenye iPhone, fungua sehemu ya kupiga simu, andika *3001#12345#* kisha bonyeza kitufe cha kupiga. Ukurasa wa siri wa vipimo utafunguka. Kwenye Android, ingia Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Simu nyingi pia hufungua ukurasa wa vipimo ukiandika *#*#4636#*#*, ingawa watengenezaji wengine wameufunga. Njia nyepesi zaidi kwa Android ni programu kama NetMonster, CellMapper au Network Cell Info Lite, kwa sababu zinakuonyesha na mnara wenyewe na bendi, yaani masafa, inayotumika.

Namba mbili zinatosha kukupa picha.

RSRP ni nguvu ya mawimbi. Huandikwa kwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kuanzia -80 kupanda ni nzuri sana. Karibu na -90 ni nzuri. Kwenye -100 bado utaongea bila taabu. Ikifika -110 simu inaanza kusumbua, na ikivuka -120 umebaki na bahati tu.

SINR ni usafi, yaani mawimbi yako yamezidi kelele kwa kiasi gani. Juu ya 20 ni safi kabisa. 10 hadi 20 haina neno. Chini ya 5 utaona intaneti ikijikokota. Chini ya sifuri kelele imekushinda.

Uzisome pamoja. RSRP mbaya: mawimbi dhaifu. RSRP nzuri lakini SINR mbaya: kuingiliana. Zote nzuri na bado mambo hayaendi saa za kazi: msongamano. Jedwali hilo la mistari mitatu lingeokoa fedha nyingi kama lingebandikwa mlangoni pa kila ofisi ya ununuzi.

Kumbuka pia kwamba dBm haziongezeki kama namba za kawaida. Tofauti ya 3 ni mara mbili ya nguvu, tofauti ya 10 ni mara kumi, na tofauti ya 30 ni mara elfu moja. Kutoka -90 kwenda -120 si kupungua kwa theluthi. Imebaki sehemu moja ya elfu.

Sasa chukua ramani ya ghorofa, hata ile ya njia za kutokea wakati wa moto inatosha, uichapishe, uzime Wi-Fi kwenye simu, utembee. Simama kila baada ya mita kumi hivi, subiri namba itulie, andika RSRP, SINR na bendi. Tumia simu moja, ishike kwa namna ile ile kwenye kimo cha kifua, kwa sababu mkono na mwili wako peke yake vinaweza kubadilisha namba. Fanya hivyo kwa kila kampuni ya simu ambayo watu wa jengo hilo wanaitumia. Usisahau vyoo, ngazi, stoo, chumba cha jenereta na maegesho ya chini ya ardhi. Kisha panda juu ya paa, upime huko pia, na uzunguke jengo kwa nje upande hadi upande.

Bendi iandikwe kila mara kwa sababu inaeleza mengi. Bendi ya 28 (700 MHz), ya 20 (800 MHz) na ya 8 (900 MHz) hupenya kuta vizuri. Bendi ya 3 (1800 MHz) na ya 1 (2100 MHz) ni za wastani. Bendi ya 7 (2600 MHz) na n78 ya 5G, iliyo karibu na 3500 MHz, huchoka upesi zikigonga zege. Zile za 5G za GHz 24 kwenda juu usizitarajie ndani kabisa. Hata jani la mti huzisumbua.

Hatua ya 3: Soma jengo lenyewe

Ukiwa na ramani iliyojaa namba, jengo linaanza kujieleza. Ukuta mwepesi wa jipsamu hukula dB (yaani tofauti kati ya vipimo viwili vya dBm) mbili au tatu. Kioo cha kawaida vivyo hivyo, mbili hadi nne. Ukuta wa zege hula kuanzia 10 hadi 20 na zaidi, kutegemea unene na nondo zilizomo. Bati na metali yoyote iliyozunguka pande zote karibu inafunga njia kabisa, na lifti si kitu kingine bali sanduku la chuma.

Mkorofi mkubwa wa majengo mapya, hata hivyo, ni kioo. Vioo vinavyozuia joto hupakwa utando mwembamba wa metali usioonekana kwa macho, na utando huo unarudisha mawimbi ya simu kama unavyorudisha joto la jua. Kioo cha namna hiyo kinaweza kukula dB 20 hadi 30 au zaidi. Ndiyo maana jengo la zamani la matofali linaweza kuwa na mtandao mzuri kuliko ghorofa jipya la kioo lililojengwa pembeni yake kwa fedha nyingi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake P.2109 la kukadiria mawimbi yanavyopotea yakiingia ndani, limegawa majengo katika makundi mawili tu, ya kawaida na yale yaliyojengwa kuzuia joto, kwa sababu tofauti kati yake ni kubwa kiasi hicho.

Kuna jaribio la dakika mbili. Tafuta dirisha linalofunguka. Simama hatua moja ndani, upime likiwa limefungwa. Lifungue, usisogee, upime tena. Namba ikiruka kutoka -108 hadi -85, umeshajua kioo peke yake kinakula dB 23 na kwamba nje mawimbi yapo tele. Isipobadilika, kioo hakina hatia. Mnara uko mbali au umezibwa na jengo jingine.

Hatua ya 4: Maliza yale yasiyo na gharama

Kwanza, jaribu laini ya kampuni nyingine. Ramani zako za kila kampuni zitakuonyesha kama kuna moja inayofika vizuri pale ambapo nyingine zimekufa. Simu nyingi sasa zinabeba laini mbili, au moja ya plastiki na nyingine ya eSIM. Kwa ofisi yenye watu kumi na watano katika ghorofa moja, hili peke yake mara nyingi linamaliza mazungumzo.

Pili, washa VoLTE, yaani sauti kupita kwenye 4G yenyewe, kwenye kila simu. Bila VoLTE, simu ikipigwa hushuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G, na kama mitandao hiyo ya zamani haifiki ndani, simu inakatika pale pale inapoita.

Tatu, pale ambapo 5G inaonekana na kupotea, weka simu ibaki 4G na uone. Simu inayohangaika kukamata 5G dhaifu dirishani ina hali mbaya kuliko iliyotulia kwenye 4G ya bendi ya chini.

Na kava la chuma livuliwe. Sumaku za kubandikia simu garini pia.

Hatua ya 5: Simu kupitia Wi-Fi, na uifanye kwa ukamilifu

Hapa ndipo majengo mengi yangepaswa kuishia. Jengo kubwa kwa kawaida lina Wi-Fi tayari. Nyaya zimeshatandazwa, vifaa viko darini. Simu ikiwa imewashwa kipengele cha kupiga simu kupitia Wi-Fi, inajenga njia iliyofungwa kwa usimbaji kupitia intaneti hadi kwa kampuni ya simu, na anayepigiwa anaona namba yako ile ile. Huhitaji WhatsApp wala namba mpya. Sauti yenyewe haiombi kitu kikubwa: simu moja haifiki hata kilobiti 100 kwa sekunde.

Lakini "tuna Wi-Fi" na "Wi-Fi yetu inabeba sauti" ni mambo mawili. Barua pepe inavumilia kukatika kwa sekunde mbili, mazungumzo hayavumilii. Yafanyie kazi haya:

Hakikisha kampuni ya simu inatoa huduma hiyo na aina ya simu inaikubali. Simu iliyonunuliwa nchi nyingine inaweza kuwa na kila kitu isipokuwa kipengele hicho kwa kampuni ya hapo ulipo. Kisha katika mipangilio, chagua simu ipendelee Wi-Fi. Ukiiacha ipendelee mtandao wa simu, itang'ang'ania mnara wa -118 wakati kifaa cha Wi-Fi kiko mita tatu juu ya kichwa chake.

Waambie watu wa mitandao wafungue milango ya UDP 500 na 4500 kwenye ukuta wa moto wa mtandao (firewall). Ndiyo njia hiyo ya usimbaji inapopita. Ikiwa imefungwa, intaneti itafanya kazi kama kawaida, video zitacheza, lakini simu za Wi-Fi zitagoma, na kila mtu atalaumu kampuni ya simu. Ukikuta hali hiyo kwenye ofisi yenye ulinzi mkali wa mtandao, anza hapo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Angalia vifaa vya Wi-Fi vimewekwa wapi. Mazoea ni kuvipanga kwenye korido, kwa sababu ni rahisi kwa fundi kuvuta waya. Matokeo yake korido ina mtandao wa kifahari na vyumba, ambamo watu wanakaa, vina mabaki yaliyopenya ukutani. Kwa sauti, lenga -67 dBm au bora zaidi mahali popote ambapo mtu atakaa au kutembea akiongea. Vihamishie vyumbani, na usiviwashe vyote kwa nguvu ya juu kabisa. Simu ikiona kifaa cha mbali kwa nguvu itakishikilia hata ikiwa imeshahamia upande mwingine wa jengo.

Washa 802.11k, v na r, ambazo husaidia simu kuhama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine bila kujitambulisha upya kila mara, na ipe sauti kipaumbele kwenye swichi na ruta. Mtandao wa wageni unaodai mtu afungue ukurasa na kubonyeza "nakubali" ni kikwazo: mpaka abonyeze, simu yake haipatikani, na wengi hawajui.

Jaribio ni rahisi. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, washa Wi-Fi peke yake, mpigie mwenzako, kisha tembea kutoka ncha moja ya ghorofa hadi nyingine huku ukihesabu kwa sauti. Yeye akuambie namba zipi hakuzisikia. Zilipopotea ndipo penye pengo. Halafu ondoa hali ya ndegeni, piga tena, utoke mlangoni ukiongea: kama VoLTE imewashwa, simu inapaswa kuhamia mnarani bila kukatika.

Mambo mawili ya usalama. Umeme ukikatika Wi-Fi inakufa, na simu zinakufa nayo, kwa hiyo swichi na vifaa vya darini viwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Na simu ya dharura iliyopigwa kupitia Wi-Fi haitoi mahali ulipo kwa uhakika kama iliyopita mnarani. Pale ambapo simu inaomba anwani ya dharura, ijazwe ile ya jengo, na ghorofa itajwe.

Hatua ya 6: Busta, ikiwa bado inahitajika

Busta inafaa pale ambapo shida ni mawimbi dhaifu, nje kuna mawimbi safi, na eneo la kufunika ni la kiasi: sehemu ya ghorofa, ghala, ukumbi, chumba cha seva.

Kabla ya kununua, uliza sheria. Mawimbi hayo yana wenyewe. Ni ya kampuni za simu zilizolipia leseni, na katika nchi nyingi kuwasha kikuza mawimbi bila idhini yao au ya mamlaka ya mawasiliano ni kosa. Marekani tangu 2014 inakubali vikuza mawimbi vya watumiaji wa kawaida vilivyokidhi masharti ya FCC, mamlaka yake ya mawasiliano, na kusajiliwa kwa kampuni ya simu. Uingereza, kupitia mamlaka yake, Ofcom, iliruhusu vya ndani ya majengo bila leseni mwaka 2018, lakini vile tu vyenye kujizuia vyenyewe. Sababu si ukiritimba. Busta ya ovyo hurusha kelele hadi mnarani na kuharibu mawasiliano ya mtaa mzima, na kampuni za simu zina vifaa vya kuifuata mpaka mlangoni.

Mfumo wenyewe una sehemu nne: antena ya nje inayotazama mnara, kebo, kikuza mawimbi, na antena ya ndani moja au zaidi. Kazi kubwa ni ile antena ya nje. Usiielekeze kwenye mnara wenye RSRP kubwa. Ielekeze kwenye ule wenye SINR nzuri. Izungushe nyuzi thelathini kwa wakati, subiri dakika, soma, andika, zungusha tena. Busta hukuza kila kinachoingia, kelele zikiwemo, kwa hiyo usafi wa ndani hauwezi kuzidi ule ulioupata pale juu ya paa.

Kisha piga hesabu. Kujumlisha na kutoa kunatosha. Tuseme nje kuna -95 dBm. Antena ya nje inaongeza 9. Kebo ya kuteremka inakula 4. Kikuza mawimbi kinaongeza 65. Kebo ya ndani inakula 2. Antena ya ndani inaongeza 3. Kwenye mdomo wa antena ya ndani una -24. Mtu aliye mita 15 kutoka hapo, kwa bendi ya 900 MHz, mawimbi yanapoteza dB 55 hewani tu: amebaki na -79. Mwekee ukuta mmoja wa dB 10: -89. Vizuri. Mwekee kuta tatu, na ameanza kurudi alikotoka. Sasa soma tena lile boksi linaloahidi maelfu ya mita za mraba. Hesabu hiyo ilipigwa kwa mawimbi makali ya nje na ukumbi mtupu usio na ukuta.

Kebo ndiyo inayoharibu hesabu nyingi. Kebo nene kama LMR-400 hupoteza karibu dB 13 kwa kila mita 100 kwenye 900 MHz, na karibu 19 kwenye 1800 MHz. Nyembamba za bei nafuu hupoteza mara tatu ya hapo. Ukiteremsha mita 40 za kebo nyembamba kutoka paani, umeshatupa faida yote ya antena na zaidi. Weka kikuza mawimbi karibu na paa, na usichanganye kebo ya omu 75 ya televisheni na vifaa vya omu 50.

Shida inayofuata ni antena ya ndani kusikika na ya nje. Mawimbi yakirudi juu, busta inayakuza tena, yanazunguka, na mfumo unaanza kuvuma kama kipaza sauti kilichosogezwa mbele ya spika. Busta nzuri hujipunguza au kujizima. Taa nyekundu inawaka na watu wanadhani imeharibika. Utenganisho kati ya antena mbili unatakiwa uzidi ukuzaji kwa dB 15 hivi. Busta ya 65 inataka utenganisho wa 80. Zege ya paa husaidia, umbali wa wima husaidia zaidi ya ule wa ulalo, na antena ya nje inayotazama upande mmoja tu ni bora kuliko inayotazama pande zote.

Ya mwisho kwa busta: antena iliyo juu ya paa iwe na kizuia radi, na mlingoti uunganishwe na waya wa ardhi wa jengo. Na antena ya ndani ikae chini ya dari, ionekane. Wasanifu hupenda ifichwe. Fundi akiiweka juu ya dari iliyowekewa karatasi ya fedha ya kuzuia joto, amefunika chupa kizibo.

Hatua ya 7: Jengo lote, ghorofa zote, kampuni zote

Kwa jengo refu la ofisi, hospitali, uwanja au kituo cha biashara, busta za kuungaunga hazifiki. Njia ni mbili kuu.

Minara midogo ya ndani: vifaa vidogo vya kampuni ya simu vinavyofungwa darini na kuungwa kwa kebo ya mtandao au faiba. Hivi vinaleta uwezo mpya, kwa hiyo ndivyo vinavyotibu msongamano. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi kila kampuni ina vyake.

Mfumo wa antena zilizosambazwa, ambao mafundi huuita DAS: chumba kimoja cha mitambo, kampuni zote zinaingiza mawimbi yao hapo, na nyaya zinayapeleka kwenye antena nyingi ndogo ghorofa kwa ghorofa. Ule wa kebo tupu ni nafuu na hauna mengi ya kuharibika, lakini kila mgawanyo wa njia mbili unakata nguvu nusu, na kebo ndefu zinamalizia. Jengo likiwa kubwa, mawimbi hugeuzwa mwanga, husafiri kwenye faiba bila kupoteza kitu cha kutajwa, na kugeuzwa tena na kifaa kilicho kwenye kila ghorofa.

Katika ghorofa za juu zenye kuingiliana, siri ni antena za ndani ziwe na nguvu ya kushinda ile minara ya nje hadi dirishani. Weka antena karibu na kingo za ghorofa, zikitazama ndani. Zikikaa katikati tu, watu wa madirishani wataendelea kurukaruka.

Mwenye jengo asisubiri kampuni ya simu imwonee huruma. Aende na ramani zake za vipimo, idadi ya watu, na ahadi ya chumba chenye umeme, kiyoyozi, faiba na njia za nyaya. Pendekezo la namna hiyo linasikilizwa. Kama jengo bado linajengwa, njia za nyaya ziachwe sasa. Kutoboa zege baadaye ni ghali kuliko mabomba matupu.

Lifti zinataka mpango wake: antena ndani ya shimo ikitazama chini, au kebo yenye matundu inayovujisha mawimbi kwa urefu wote wa shimo. Kebo hiyo hiyo hutumika kwenye mahandaki ya treni, na inafaa pia maegesho marefu ya chini ya ardhi. Ngazi za dharura zimezungukwa na zege na watu huzisahau, zipimwe. Redio za zimamoto ni mfumo tofauti wenye masharti yake, usidhani DAS ya simu inazibeba.

Hatua ya 8: Kabla ya kumlipa fundi

Rudia matembezi yale yale, simu ile ile, alama zile zile za ramani. Andika kwenye mkataba kabla ya kazi kuanza: kwa mfano, asilimia 95 ya alama ziwe na -95 dBm au bora, SINR isishuke chini ya 5, kwa kila kampuni iliyotajwa. "Mtandao utakuwa mzuri" si kipimo. Piga simu ukiwa kwenye lifti inayotembea, na nyingine ukitoka mlangoni hadi barabarani.

Dai mchoro unaoonyesha kila antena na kila mgawanyo, pamoja na vipimo vya upotevu wa kila kebo. Viunganishi vilivyolegea au kuota kutu huzaa mawimbi mapya yasiyotakiwa, kelele inayotafutwa kwa wiki nzima bila mchoro na kwa asubuhi moja ukiwa nao.

Pima tena kila ghorofa ikigawanywa upya kwa kuta, vioo vikibadilishwa, au kampuni ya simu ikifungua bendi mpya na kuzima ya zamani. Busta hukuza bendi zilizoandikwa kwenye lebo yake tu. Kama lebo inataja 900 na 2100, na kampuni imehamishia 4G yake 800 na 1800, kifaa kitawaka taa ya kijani mchana kutwa bila kumsaidia mtu.